Fizikia nimekuja kuielewa dukani, kwenye daftari la mauzo

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko form three, na tangu shule zifunguliwe jioni zote anamalizia dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, kwa sababu kwao wadogo zake wana kelele na mi nina taa ya uhakika, nauza vifaa vya sola na spea za baiskeli kwa hiyo nikikaa gizani nitakuwa nimejitangazia vibaya. Anageuza kreti la soda anakalia, daftari kwenye magoti, na kila baada ya dakika kumi nasikia "mjomba eti hili swali". Hajui kwamba mjomba fizikia ya form four alipata F. Siyo ya kuonewa, F ya haki kabisa.

Na sababu ya ile F naijua vizuri sasa hivi kwa sababu namuona na yeye anapita njia ile ile. Swali likitaja masi na spidi anakimbilia kutafuta fomula yenye m na v, akiipata anazamisha namba, anabonyeza kikokotoo, jibu likitoka analipigia mistari miwili chini na rula. Likiwa baiskeli inakwenda kilomita 4,000 kwa saa, sawa tu, mistari miwili na rula. Mi nilikuwa bingwa wa mistari miwili.

Kilichonibadilisha siyo kitabu, ni daftari la duka. Kila mwenye duka analijua hili, kushoto unaandika kilichoingia, kulia kilichotoka, jioni unahesabu kilichopo kwenye droo na lazima vilingane. Visipolingana hakuna muujiza, ama kuna mtu kachukua ama kuna kitu hujaandika. Sasa siku moja anasoma swali la kipande cha mbao kinateleza kwenye mteremko usio na msuguano, akaniuliza mjomba mteremko usio na msuguano uko wapi, nikakosa jibu nikatazama nje, na nje alikuwa anapita jamaa na baiskeli ana madumu mawili ya mawese anashuka kuelekea stesheni. Nikamwambia achana na mbao, piga hesabu ya huyo.

Tukakadiria. Mtu kilo 65, mawese lita 40 (mawese mepesi kuliko maji, lita 40 ni kama kilo 36), baiskeli na takataka zake kilo 19, jumla 120. Tukachukua kipande cha mteremko kinachoshuka mita 20, siyo urefu wa barabara, ni kushuka kwa wima, hapo tu tulibishana dakika tano kwa sababu yeye alitaka kuweka urefu wa lami. Masi mara 10 ya mvuto wa dunia mara kimo, jouli 24,000, jouli ndo kipimo cha nishati. Hiyo ndo pesa iliyoingia. Jamaa akifika chini anakwenda mita 5 kwa sekunde, mwendo wa kawaida wa baiskeli, nusu ya masi mara spidi kipeo cha pili inatoka jouli 1,500.

Zikaingia 24,000, kwenye droo zipo 1,500. Nikamuuliza zingine 22,500 kachukua nani?

Alikaa kimya hadi nikauza balbu mbili. Halafu akasema breki. Sasa hapo ndo utamu ulipo kwa sababu breki siyo shimo, zile jouli lazima ziende mahali, zinaenda kwenye chuma cha rimu na mpira wa breki zinakuwa joto. Chuma kinataka kama jouli 450 kupandisha kilo moja nyuzi moja. Tukisema zote zimeingia kwenye chuma cha nusu kilo, inapanda nyuzi 100. Kwa kweli hazifiki zote pale, nyingine zimeliwa na upepo na matairi na rimu yenyewe inapoa njiani, lakini kama ushawahi kugusa rimu ya baiskeli iliyotoka kushuka mlima na mzigo hutaniuliza kama hesabu ni ya kweli. Mi nina alama kwenye kidole.

Halafu tukafanya ya breki zimekatika. Hapo zote 24,000 zinakuwa spidi, na ukiandika pande mbili masi inafutika yenyewe, inabaki mita 20 kwa sekunde yani kilomita 72 kwa saa, na haijalishi umebeba mawese au umebeba hewa. Hili lilimshtua kweli. Alikuwa anajua moyoni kabisa kwamba mwenye mzigo anashuka kwa kasi zaidi. Barabarani ni kweli kidogo, mwenye mzigo upepo haumsumbui sana, lakini kwenye karatasi isiyo na upepo wako sawa, tofauti inakuja kwenye breki, mwenye kilo 120 ana jouli nyingi za kuzichoma kuliko mwenye 80. Kwa hiyo mzigo hauli spidi, unakula breki. Mi nauza breki, nilipaswa kulijua hili miaka kumi iliyopita.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba huyo Joule mwenyewe alifanya kitu cha namna hii. James Joule, Mwingereza, familia yao walikuwa watengeneza bia huko Salford, miaka ya 1840 alifunga vyuma vya uzito kwenye kamba, vikishuka vinazungusha makasia ndani ya chombo cha maji, halafu anapima maji yamepata joto kiasi gani. Kichekesho ni kwamba badiliko lenyewe lilikuwa dogo sana, sehemu ya nyuzi moja tu, ilibidi arudie rudie kushusha zile vyuma. Mtu wa bia alizoea kupima joto kwa makini. Ukilitazama lile jaribio ni jamaa wa mawese, ila breki ni maji.

Kuna kitu kingine nataka nikiseme hapa maana nadhani kinawaumiza watoto wetu kuliko hesabu yenyewe. Lugha. Swali linakuja kwa Kiingereza, mtoto analitafsiri kichwani kwa Kiswahili halafu Kiswahili chetu cha mtaani kinampa neno moja kwa vitu vitatu. Tunasema injini ina nguvu, betri imeisha nguvu, sukuma kwa nguvu. Tatu tofauti hizo! Ya kwanza ni jouli ngapi kwa sekunde, ya pili ni jouli zilizobaki, ya tatu ni fosi. Na joto hivyo hivyo, "leo joto ni 30" na "joto limeingia kwenye sufuria" siyo kitu kimoja, moja ni kipimo kwenye kipimajoto na nyingine ni jouli zinazotembea. Uzito ndo usiseme, sokoni kilo ni uzito, darasani kilo ni masi na uzito ni nyutoni. Umeme mbaya zaidi, "umeme mdogo" inaweza kuwa volti, inaweza kuwa ampia, inaweza kuwa yuniti zimeisha kwenye luku. Kwa hiyo sasa hivi sheria yetu kabla hajashika kikokotoo ni kusema kwanza swali linataka nini na kipimo chake ni kipi. Akisema "linataka nguvu" namrudisha. Linataka nyutoni au jouli au wati?

Haya umeme. Hapa nitakaa kidogo.

Ilikuwa siku za mbalamwezi, na hapa Kigoma mbalamwezi maana yake wavuvi wa dagaa wako nchi kavu, mwezi ukiwaka samaki hawakusanyiki kwenye taa, ndo siku wanashona nyavu na mimi ndo siku zangu za kuuza. Zamani walikuwa na karabai, siku hizi wengi ni taa za LED na betri. Akaja baba mmoja wa Kibirizi amevimba, ameshika balbu, anasema ameuziwa feki, mahali pengine siyo kwangu, zinawaka kwa unyonge hazing'ai, dagaa wanaenda kwa jirani. Ana balbu 10 za wati 9, betri ya volti 12. Nikachukua balbu moja nikaichomeka kwenye betri yangu hapo hapo kaunta, ikawaka hadi akafumba macho. Balbu nzima. Nikamuuliza baba, waya wako ukoje? Akasema wa kawaida. Akautoa kwenye mfuko wa rambo, ni ule mwembamba kabisa, wa milimita mraba moja, tunauuza kwa ajili ya spika za redio.

Mpwa wangu yuko pale anasikiliza. Nikamwambia hilo swali, fanya. Wati 90 gawa kwa volti 12, ampia 7.5. Waya wa shaba wa milimita mraba moja kila mita ina kama omu 0.017, omu ni kipimo cha waya unavyoukinza umeme. Kutoka betri hadi kwenye taa mita 10, omu 0.17, zidisha kwa 7.5, volti 1.3 zinapotelea njiani. Akapiga mistari miwili. Mi nikachukua multimita, tukaunga mtambo wote wa yule baba pale nje ya duka, waya umenyooshwa, watu wamejaa wanadhani kuna sherehe. Kwenye betri 12.2. Kwenye balbu 9.9. Zimepotea 2.3 wala siyo 1.3.

Daftari halilingani. Na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu zamani mimi ningesema kipimo kibovu, yeye alirudi kwenye kreti akachora. Akachora betri, akachora waya unakwenda, balbu, halafu mkono ukasimama. Mjomba, na huu wa kurudi? Waya wa kurudi! Mita 10 za kwenda na 10 za kurudi, omu 0.34, volti 2.55. Sasa imezidi kidogo, akasumbuka tena na hiyo 0.25 hadi akaona mwenyewe kwamba balbu zikipata volti ndogo zile hazivuti tena ampia 7.5, zinavuta pungufu, kwa hiyo hata upotevu unapungua. Mi hapo nilikuwa nimeridhika zamani, yeye ndo hakuridhika.

Yule baba alikuwa amesimama muda wote huo na balbu yake. Nikamkatia waya mnene wa milimita mraba 4, upotevu ukashuka hadi kama volti 0.6, taa zikang'aa, akalipa, hakusema asante ila kesho yake alileta kisado cha dagaa wakavu, ambayo ni asante ya Kibirizi.

Tukiwa na mchoro ule ule nikamuuliza swali ambalo mimi lilinishinda, je ampia zinazorudi kwenye betri ni chache kuliko zilizotoka? Akasema ndiyo kwa sababu balbu zimekula. Watu wazima wengi wanajibu hivyo, mafundi pia wapo. Nikamwambia waza makuli pale Kibirizi boti ikitia nanga. Makuli wanatoka botini kila mmoja na gunia begani, wanapanda hadi kwenye lori, wanashusha, wanarudi mikono mitupu. Simama popote kwenye ile njia uhesabu wanaopita kwa dakika, wanaokwenda na wanaorudi idadi ni moja, kuli haliwi na lori. Kinachobaki kwenye lori ni magunia. Makuli wangapi wanapita kwa sekunde ndo ampia. Kila mmoja kabeba kiasi gani ndo volti. Ukizidisha hivyo viwili unapata magunia kwa sekunde, wati. Na waya mwembamba ni njia nyembamba yenye tope, kila kuli anamwaga mchele kidogo njiani, ule mchele uliomwagika ndo moto wa waya. Kwa yule baba ilikuwa kwenye wati 16 hivi zinapasha moto waya badala ya kuita dagaa.

Na njia ikigawanyika mara mbili, waliofika kwenye njia panda lazima wawe sawa na walioondoka. Hiyo inaitwa sheria ya Kirchhoff, mwanafizikia Mjerumani, na aliiandika mwaka 1845 akiwa mwanafunzi wa miaka 21, nilipomwambia mpwa wangu umri akanitazama kama namsimanga.

Ya kusukumana nitaipita haraka. Mtoto wa kilo 50 anaruka kutoka kwenye mtumbwi wa kilo 100 kwa spidi ya mita 2 kwa sekunde, mtumbwi unarudi nyuma mita 1 kwa sekunde. Kila aliyekulia ziwani amewahi kuanguka majini kwa sababu hiyo. Tofauti na jouli ni kwamba daftari hili, la masi mara spidi, lina mwelekeo, mbele ni jumlisha nyuma ni toa, mwanzo sifuri na mwisho sifuri. Ukisahau alama ya kutoa mtumbwi unamfuata mtoto ufukweni.

Ila la dumu siwezi kuliruka. Swali la gesi kwenye kitabu lilikuwa na silinda na pistoni, vitu ambavyo yeye hajaviona, mi nikamletea dumu tupu la lita 20 la mawese. Limeachwa juani wazi, hewa ndani nyuzi 35, ukalifunga kizibo kikakaza, usiku ikashuka hadi 20. Asubuhi limebonyea mbavu, kila nyumba Kigoma imeliona hilo. Swali, kanieneo ndani, yani hewa inavyosukuma kila kipande cha eneo, imeshuka kiasi gani? Akachukua 20 akagawa kwa 35 akapata 0.57, karibu nusu imepotea! Nikamwambia likiwa hivyo dumu lingekunjwa kama chapati. Akarudi akajumlisha 273 kila upande, 293 gawa kwa 308, ikatoka 0.95. Imeshuka asilimia tano tu.

Asilimia tano inaonekana kitu kidogo, mpaka uipige kwa eneo. Ziwa letu liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari kwa hiyo hewa ya hapa siyo ile 101 ya kitabu, ni kama kilopaskali 92 (ndo maana maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, chai haijali). Asilimia tano ya 92 ni kama 4.5. Ubavu wa dumu sentimita 25 kwa 35. Fosi inatoka nyutoni 390 na kitu, yani kama mtu wa kilo 40 amekalia ubavu wa dumu. Tulilala na huyo mtu ndani ya nyumba miaka yote tunamlaumu aliyetengeneza dumu. Bila shaka dumu likishaanza kubonyea nafasi ndani inapungua na kanieneo inarudi kiasi, kwa hiyo huyo wa kilo 40 ni wa kabla halijabonyea. Hilo nalo alilisema yeye.

Jana wavuvi walirudi ziwani. Ukitoka pale nje ya duka usiku ukasogea kidogo unaziona taa zao, utadhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Akauliza, mjomba, zile taa zote si zinapasha ziwa? Nikamwambia hesabu.

Alifanya juu ya boksi la balbu kwa sababu daftari lilikuwa limejaa. Boti moja wati 90 kwa saa 10 ni jouli milioni 3.24. Akaweka boti elfu moja kila usiku, namba tu aliyoamua. Ziwa Tanganyika lina maji kama kilomita za ujazo 18,900, kila moja kilo trilioni moja, kila kilo inataka jouli 4,200 kupanda nyuzi moja. Sifuri zilijaa boksi upande mzima ikabidi aligeuze. Ikatoka miaka kama milioni 67 kupandisha ziwa nyuzi moja, wakati ziwa lenyewe linakadiriwa kuwa na miaka kati ya milioni 9 na 12. Nikacheka sana, nikadhani ndo imeisha, nikaanza kuingiza bidhaa ndani. Yeye hakupiga mistari miwili. Akasema mjomba, hapa nimeandika kinachoingia tu, hii miaka yote ziwa halikutoa kitu?

Saa tatu nafunga geti alikuwa bado anachora mishale ya kutoka, upepo, usiku, mto Lukuga kule ng'ambo Kongo, na wa mvuke ameupaka kalamu nyekundu, mrefu hadi umetoka nje ya boksi.